Bakuli la Mama Salma lilivyokwenda Bangkok na kurudi

Tangu nirudi, kila anayenikuta nyuma ya mgahawa wa Mama Salma, nimekaa kwenye kigoda na sinia la ndagala, dagaa wa ziwa letu, mapajani, nachambua mchanga na vijiti, ananiuliza maswali mawili. La kwanza, Bangkok iko namna gani. La pili, nimefanya kosa gani. Nimechoka kumjibu kila mtu peke yake, basi naandika mara moja, msome kwa zamu. Maswali yote mawili yana jibu moja.

Mnaonijua mnajua kwamba shule niliiacha darasa la sita. Sikufukuzwa, wala ada haikukosekana. Dirisha la darasa letu lilitazama barabara ya kwenda Uvira, na mimi nikawa natazama magari kuliko ubao. Tangu hapo nimelala Kigoma, Bukavu, Kampala, nimebeba mizigo ya watu na kuuza viatu vya watu, na kila mahali nimetaka kujua jambo moja kwanza: hapa wanakula nini?

Bwiza, mbele ya mgahawa

Mfanyabiashara mmoja wa nguo hapa mtaani kwetu Bujumbura alitaka mtu wa kukaa Bangkok miezi mitatu, asimamie ufungaji wa marobota yake ili yasifike na mashati yenye mkono mmoja. Wenye akili walikataa kwa sababu ya lugha. Mimi nilikubali kwa sababu ya lugha.

Siku ya kuaga nilipita kwa Mama Salma kula bugali la mwisho. Nyote mnamjua: mwanamke wa Uvira, mjane wa marehemu bwana Nassor, Mwarabu wa duka la taa. Binti yao Salma alikwenda kufanya kazi ya duka Dubai, akaolewa huko na Mwislamu wa Thailand bila kumleta nyumbani, kisha akamfuata Bangkok. Mama alimwambia kwa simu, "Mwanaume hajala kwangu, huyo si mukwe wangu." Salma akakata simu. Wakanyamaza wote wawili miaka sita, kila mmoja akingoja mwenzake aanze.

Nilipomaliza kula, Mama Salma aliniwekea mbele bakuli la bati, lile jeupe lenye maua mekundu na mfuniko, limefungwa kwa kitenge. Ndani mlikuwa na ndagala kavu za Ruziba, kule ufukweni, zimekaangwa kavu na pilipili.

Nikamuuliza nimwambie Salma nini.

"Kitu," alisema, maana yake hakuna. "Mi sitaki maneno mingi. We mupe. Bakuli yangu irudi."

Nikamwomba namba ya simu, kwa kuwa binamu ya Salma anayo.

"Usimupigie. Chakula haipigiwi simu. Unafika, unapiga hodi."

Basi binamu akanipa vitu viwili tu: jina la msikiti ulio karibu na kwao, na picha ya Salma amesimama mbele ya mlango wa kijani, paka miguuni. Kuhusu bakuli sikuhitaji maelezo. Hapa kwetu hata mtoto anajua: chombo kilichokuletea kitu hukirudishi kitupu. Ukikirudisha kitupu, umesema neno, na neno hilo si zuri.

Angani, na harufu

Ndagala hazisafiri kimya. Kabla ya kufika Addis Ababa, mama mmoja wa siti ya mbele alikuwa amegeuka mara tatu. Mara ya nne alinong'ona kwa Kirundi kama ninaweza kumwonjesha hata mkia. Nikasema si zangu. Akanitazama kana kwamba nimeficha maji wakati wa kiangazi.

Bangkok mambo yalikuwa kinyume. Nilikodi chumba juu ya duka la vifungo, na mwenye nyumba, bibi mfupi mwenye miwani kifuani, alipanda ngazi akinusa. Nilidhani amekuja kunifukuza. Alinyoosha mkono, akachukua samaki mmoja, akamtafuna akitazama dari, kisha akashuka, akarudi na kibakuli cha samaki wao wadogo wakavu na kukiweka juu ya kitanda changu. Kumbe ulikuwa ushindani. Nikaonja wa kwake, nikainua kidole gumba. Naye akaonja wa kwangu tena, akainua vidole gumba viwili, nikajua nchi hii nitakaa vizuri.

Upande wenye kelele

Mtaa wa marobota sitauelezea sana. Chukueni soko letu siku ya mwisho kabla ya Idi, mliweke juu ya jingine, na juu yake mpitishe treni. Watu wanakula wamesimama, wanakula wakitembea, wanakula wakiendesha pikipiki. Mimi mtoto wa Bwiza, niliyelelewa kwamba mtu hatafuni barabarani kama mbuzi, wiki ya kwanza nilikuwa nanunua mishikaki na kuingia nayo chooni. Wiki ya pili nilitafuna nikiangalia ukuta. Ya tatu nilikuwa natembea na mfuko wa nanasi lililokatwa, natafuna kama mbuzi.

Jioni nilikuwa naitazama picha ya mlango wa kijani. Katika jiji lile milango ya kijani ni mingi kuliko mashati ya mwenye marobota.

Ng'ambo ya mto

Jumapili moja nilivuka mto kwa kivuko. Upande wa pili nilimwonyesha dereva wa pikipiki jina la msikiti, akaniteremsha kwenye mdomo wa njia nyembamba ambayo gari haliwezi kuingia. Nikaingia kwa miguu, na baada ya hatua mia moja kelele za jiji zikakatika, kama mtu amefunga dirisha.

Huko ndiko nilikokwenda kila Jumapili, na nikiwaambia nimeiona Bangkok, mjue ninasema mahali pale. Nyumba za mbao zilizoegemea mfereji. Paka juu ya kila pikipiki. Kila nyumba ya tatu ina sufuria tano au sita zimepangwa juu ya meza mbele ya mlango, zimefunikwa. Unafunua, unanusa, unaonyesha kwa kidole. Hakuna anayekuita, hakuna anayekuvuta mkono. Mwenye chakula amekaa ndani anatazama televisheni, ukihitaji sahani unakohoa. Nilikula wali wa njano na kuku, ndugu wa biriani yetu, ila wenyewe wanaumwagia mchuzi wa kijani mtamu na mchachu. Nilikula mchuzi wa nyama wenye karanga na viazi, ukanikumbusha sombe, kisamvu cha mama yangu, bila sababu yoyote. Watu wa pale, wengi wao Waislamu, waliniambia salaam alekum, nikajibu vizuri, wakafurahi, wakaendelea kwa maneno mengine ambayo sikuyajua, nikaendelea kujibu alekum salaam mpaka wakaelewa kwamba mimi ni Deogratias tu.

Jumapili ya tatu nilifanya jambo ambalo mtaa ule hautalisahau. Nilikuta meza ya saruji chini ya kivuli cha turubai, sufuria nne juu yake, sahani, vijiko. Nikakaa. Nikafunua. Kulikuwa na samaki wa kupaka. Nikajipakulia, maana nilishaijua desturi. Akatoka mwanamke mwenye ushungi wa samawati, akasimama, akanitazama, akarudi ndani. Nikasema huyu ana haya. Akarudi na glasi ya maji na mume wake na mama mkwe wake, wote wakakaa, wakanitazama nakula. Nikaongeza sahani ya pili ili wasidhani sikupenda. Nilipomaliza nikatoa pesa. Mume akatikisa kichwa. Nikaongeza. Akatikisa tena, akaandika kitu kwenye simu yake inayotafsiri, akanisomesha: *Hapa si mgahawa. Hiki ni chakula chetu cha mchana.*

Ningekuwa na mkia ningeukunja. Mama mkwe alicheka mpaka akashika ubavu, kisha akaniongezea kipande cha samaki, cha mwisho, kile cha kichwa. Jumapili iliyofuata niliwapelekea mananasi matatu. Lakini habari zilikuwa zimeshatembea. Kila mlango niliopita, mtu alionyesha sufuria zake na kuniuliza kwa ishara kama leo nitakula kwake.

Mlango wa kijani

Nilikuwa bado nagawa yale mananasi niliposikia nyuma yangu, kwa sauti ya Bwiza kabisa, ya watu wanaosema njo badala ya ndiye:

"Njo wewe mwizi wa chakula?"

Nikageuka. Alikuwa mnene kuliko kwenye picha, na paka hakuwepo, lakini alikuwa Salma.

"Nilisikia Mwafrika ameingia kwa watu, amejipakulia, ameongeza," alisema. "Nikasema huyu si wa Lagos, si wa Nairobi. Huyu ni wa kwetu."

Nyumba yake ilikuwa milango minne mbele. Nilikuwa nimeipita Jumapili tatu; ule mlango walikuwa wameupaka rangi ya kahawia. Mume wake, Yusuf, mtu mpole mwenye vidole vya fundi wa saa, alinipa chai na kuondoka ili tuzungumze. Wiki iliyofuata nilileta bakuli. Niliendelea kusema ni la mama yake, lakini hakuwa ananisikiliza. Alikuwa anashika ule ukingo uliobanduka rangi upande mmoja. Mnajua umebanduka vipi: Salma mwenyewe aliliangusha kisimani akiwa na miaka tisa.

Hakulia. Alikula ndagala saba, moja moja, amesimama. Kisha akauliza mama alisema nini.

Nikamwambia ukweli: bakuli lirudi.

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu."

Akacheka peke yake. "Basi amesema mingi."

Wiki yangu ya mwisho nilikwenda kuaga. Salma alikuwa amebakiza nusu ya zile ndagala. Mbele yangu alizikaanga upya kwa nazi iliyokunwa, majani ya mlimao yaliyokatwa kama nyuzi, na shina la mchaichai, mpaka zikakauka zikawa na rangi ya kahawa. Yusuf alisukuma chapati nyembamba, akazikunja mara nne nne. Salma akaonja, akanionjesha. Jamani. Ziwa letu lilikuwa mle ndani, na mfereji wao pia.

Nilipotaka kumsifu alinizuia kwa mkono.

"Chumvi nimeweka kidogo. Makusudi. Mama anapenda chumvi, unamujua. Akionja tu, atashika simu anitukane." Akafunga mfuniko, akafunga kitenge kilekile, fundo kama la mama yake. "Akinitukana tumepatana. Asipopiga, nitajua hajataka. Sitamusumbua tena. Deo, bakuli hii ifike."

Nikamwapia itafika.

Addis, ukungu

Tulitua Addis alfajiri, tukaambiwa ukungu umekaza na ndege yetu ya Bujumbura haitaondoka asubuhi. Asubuhi ikawa mchana, mchana ukawa alasiri. Warundi hatukuwa wengi, tulikuwa kumi, na mnajua tulivyo: hatukufahamiana, lakini kufikia saa nne tulikuwa tumekaa kona moja.

Kati yetu alikuwemo mzee wa Makamba anayerudi kutoka India, alikofanyiwa upasuaji wa jicho, ana kitambaa cheupe usoni, pamoja na binti yake Consolata. Tulipewa kuponi za chakula, Consolata akamletea baba yake sahani. Mzee akaisukuma. Alisema kwa Kirundi, taratibu, kwamba yeye hajawahi kula akitazamwa na watu mia, na hataanza uzeeni. Kule India alikula amegeukia ukuta. Hapa kuta zote ni za vioo. Consolata akatueleza kwa sauti ya chini: dawa za jicho lazima zimezwe baada ya chakula, na mzee hajatia kitu tumboni tangu jana. Saa ya dawa ilikuwa imepita.

Mmoja akajaribu kumshawishi. Mwingine akamwambia watu hawamtazami. Mzee akajibu jicho moja analo bado, anaona.

Mimi nilikuwa na bakuli mapajani. Niliwaza hivi: nimpe chapati moja na ndagala chache, nyingine zibaki. Nikafungua fundo. Mzee akainua kichwa kabla hata sijafunua.

"Ni ndagala," alisema.

Nikampa. Hakupokea. Akaniuliza kama wengine wamepata. Mzee wa mlimani hali mbele ya watu wanaomtazama, na hali peke yake mbele ya watu wenye njaa. Lakini wote wakila pamoja, basi hakuna anayetazama, sote tunakula. Hiyo desturi nami nimelelewa nayo, nikashindwa kumbishia. Tukaisogeza mizigo, tukaizungushia kona yetu kama ua. Tukakaa chini. Bakuli likawa katikati.

Nilijiambia nusu itabaki. Mikono kumi, ndugu zangu. Watu waliokaa mwaka mzima, miaka miwili, bila kuonja ziwa lao. Mzee alikula vizuri, akameza dawa, na kwa kipande cha mwisho cha chapati akapangusa bakuli mpaka likang'aa, akaniombea baraka, mimi na watakaonizaa, ingawa mama yangu alishanizaa.

Ukungu ukaondoka saa moja baadaye. Ungeondoka mapema, nisingekuwa nachambua mchanga.

Nikalitazama lile bakuli tupu. Siwezi kumrudishia Mama Salma bakuli tupu. Nikaingia duka la uwanjani nikanunua biskuti za siagi, zile za kopo, nikazipanga ndani vizuri, nikafunga fundo. Nilidhani nimekuwa mwerevu.

Bwiza tena

Mama Salma alikuwa anapanga viti. Alipoliona bakuli aliketi kwenye kimojawapo. Alilipima uzito mkononi, akatabasamu kidogo, kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Akafungua.

Alizitazama biskuti muda mrefu. Akachukua moja, akaigeuza, akairudisha mahali pake.

"Za duka," alisema.

Nikajitia kufungua kamba ya mzigo wangu.

"Mutu wa mbali njo unamupa za duka. Mugeni. Mutu wa ofisi." Akafunika. "Bien. Nimesikia. Asante, Deo."

Akasimama kwenda jikoni. Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Bakuli tupu lingesema neno baya, lakini biskuti zangu zilikuwa zimesema neno baya zaidi, kwa adabu. Na kule ng'ambo ya mto kulikuwa na mwanamke anayeitazama simu.

Nikamwambia asimame. Nikamwambia yote, nimesimama mlangoni, wateja wawili wakisikia: ukungu, mzee, jicho, dawa, mikono kumi. Nilitegemea sahani irushwe. Yeye alirudi akaketi.

"Ilikuwa nini ndani?"

Nikamtajia. Ndagala zako mwenyewe, mama, zimerudi na nazi. Majani ya mlimao kama nyuzi. Chapati za mkwe wako, zimekunjwa mara nne.

"Anajua kusukuma chapati, huyo?"

"Nyembamba, unaona mkono upande wa pili."

Akauliza kama mzee alipona jicho. Nikasema sijui, alishuka kwa fimbo lakini alishuka mwenyewe. Akauliza kama alishiba. Nikasema alipangusa bakuli. Akaitikia kwa kichwa kama mtu anayepokea jambo lililokubalika.

"Na chumvi?"

Nilimweleza alichosema Salma, neno kwa neno, hata lile la kutukanwa. Mama Salma alisikiliza akiwa ameshika ule ukingo uliobanduka kama Salma alivyoushika, dole gumba mahali palepale. Kisha akamtuma mteja mmoja amwite binamu aje na namba.

Simu ililia mara mbili tu. Aliiweka mbali na sikio kama wanavyofanya watu wa umri wake, sote tukasikia.

"Salma. Ni mama yako. Chumvi ni kidogo."

Upande wa pili ikatoka sauti ambayo sikuweza kujua ni kicheko au kilio, nadhani hata mwenyewe hakujua.

"Usilie, mi sijaonja. Deo amekula yote njiani na wenzake. Unasikia? Watu kumi umewalisha, mumoja mugonjwa." Akalisogeza bakuli. "Utakuja kupika hapa, nionje. Na huyo bwana wako aje ale."

Akakata bila kuaga, kwa hofu ya kusema zaidi. Kisha akanigeukia, akaniletea sinia.

Wanakuja baada ya mfungo. Mpaka siku hiyo kila ndagala inayoingia mgahawani inapita mikononi mwangu kwanza. Ndiyo adhabu, na sijaikatia rufaa. Biskuti aliwagawia watoto wa jirani. Bakuli ameliosha, ameliweka juu ya kabati la vikombe, wazi, mfuniko pembeni. Mtu yeyote akitaka kutia kitu ndani, hata vijiko, anapigwa mkono.